Kitabu cha chesi Arusha: kabla ya kuchapa nakala 1,000

Mkuu, umeuliza kama uchape nakala 1,000 kwa kuwa mchapaji amekuambia bei ya nakala moja itashuka. Ni kweli inashuka, maana gharama ya sahani za kuchapia ni ileile uchape 100 au 1,000. Lakini mimi nachapa vijitabu vya chesi vya wanafunzi hapa Moshi kwa pesa yangu mwenyewe, na nakusihi: usichape kitu kabla hujashika nakala moja ya karatasi ukaicheza yote, hatua kwa hatua, ubao ukiwa mbele yako.

Kijitabu changu cha kwanza kiliniumiza. Michoro niliitengeneza kwa fonti ya chesi, ile ambayo ukibonyeza herufi inatokea kete ndani ya mraba wake. Sikuipachika fonti ndani ya PDF. Kompyuta ya mchapaji haikuwa nayo, ikaweka ya kawaida. Zikatoka nakala 300, na kila palipotakiwa ubao pana mistari minane ya herufi zisizo na maana. Nilipakata boksi kwenye Coaster kutoka Arusha, nafungua ukurasa baada ya ukurasa, hakuna uliopona. Nilipolalamika, mchapaji alitoa karatasi ya mfano yenye sahihi yangu. Nilikuwa nimeisaini nimesimama kaunta, bila kuifungua.

Angalia na ubao uliochorwa kwenye jalada. Mraba wa kona ya kulia, upande wa mchezaji, lazima uwe mweupe. Mchoraji asiyecheza chesi anaweza kuugeuza, na mtoto atapanga ubao wake hivyohivyo.

Halafu herufi za kete, zile zinazoandikwa kuonyesha ni kete gani imehama. Usijaribu kuzitafsiri. Mfalme ni M, malkia naye M. Ngome ukiiita N, mtoto aliyejifunzia kwenye simu atasoma farasi, kwa sababu N ya Kiingereza ni farasi. Weka vipicha vya kete. Chess Informant ya Belgrade, chapisho la kukusanya michezo ya chesi, iliyoanza 1966, ilisomwa na wachezaji wa lugha mbalimbali kwa njia hiyo.

Maelezo ndiyo uyape Kiswahili chako chote. Chukua mchezo wa Paul Morphy, yule bingwa wa chesi Mmarekani, wa Paris, 1858, hatua 17 tu, umweleze mtoto kwa nini farasi aliyebanwa mbele ya mfalme wake hawezi kutoka. Andika mwenyewe, usinakili maelezo ya mwandishi mwingine.

ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, utaomba Maktaba ya Taifa. Kama unabana kwa pini, kurasa zigawanyike kwa 4.

Mimi sasa nachapa 100, nauza kwenye mashindano ya shule, nasahihisha makosa wanayoniletea watoto, nachapa tena. Bei ya nakala iko juu kidogo, ila hakuna boksi linalokaa uvunguni.

Faili likiwa tayari, nitumie kurasa za michoro peke yake. Nitazicheza zote kwa jioni moja.