Nilikuwa napika alama za michezo

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mtoto wa shule ya msingi apewe alama katika somo la michezo, na kama ndiyo, apimwe vipi. Nafundisha darasa la tano mkoani Morogoro. Jibu langu ni ndiyo, apewe. Ila naomba nianze kwa kukiri kosa.

Enzi zile somo likiitwa Haiba na Michezo, nilikuwa napika alama. Somo halikuwemo kwenye mtihani wa darasa la saba, kipindi chake kililiwa na Hisabati, na mwisho wa muhula mwalimu wa taaluma anataka safu zote zijae. Basi nakaa ofisini na kalamu: huyu mtulivu 78, huyu mtundu 61. Muhula mmoja dhamiri iliponisuta, nikawatungia mtihani wa maandishi. "Taja vifaa vitatu vya michezo ya kurusha." Wakaandika mkuki, tufe na kisahani. Wengi walipata zote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika tufe, mimi mwalimu wao nikiwemo.

Nikahamia kwenye saa ya simu. Mbio za mita 60, wa kwanza 100, wa mwisho 30. Nilijiona mtenda haki mpaka nilipoyatazama majina. Walioongoza ni wale wa miaka 13 waliochelewa kuanza shule, na mkiani yuko binti mwenye pumu. Kukimbia kwenyewe sikuwa nimewafundisha hata siku moja.

Kilichonizindua ni rede. Kwa asiyeijua: wawili wanasimama huku na huku, wanarusha mpira wa soksi kumlenga aliye katikati, naye anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Siku moja wakati wa mapumziko nimekaa chini ya mwembe, nikamwona yule binti wa mkiani akirusha. Kasimama ubavu, mkono wa kulia nyuma, mguu wa kushoto mbele, kiwiko juu. Kiuno kikazunguka kwanza, mkono ukafuata. Aliyekuwa katikati hakuuona ulipopita. Upande wa pili alikuwa bingwa wangu wa mita 60, anarusha kwa bega peke yake, mguu na mkono vya upande mmoja, mpira unaanguka njiani.

Tangu siku hiyo napima kitu kimoja kwa wakati. Kurusha tunajifunza wiki mbili, kisha wanacheza rede nami nina daftari lenye safu nne: mguu, kiwiko, kiuno, mkono kumalizia. Ni vema au kistari, basi. Darasa lina watoto 84 na kipindi ni dakika 40. Anayesema anawapima wote kwa mkupuo anapika kama nilivyokuwa napika mimi. Nawatazama 12, wengine wanacheza tu, na hakuna anayejua leo ni zamu ya nani. Vipindi saba nimemaliza. Mwenye vistari namrudia baada ya mazoezi, na vistari vikigeuka vema, alama yake inapanda.

Kukwepa nako napima, lakini sihesabu muda ambao mtoto amedumu katikati, maana hapo nitakuwa nimerudi kwenye mapafu. Naangalia macho: anautazama mkono wa mrushaji, au anaruka ruka tu?

Mwenzangu mmoja aliniambia rede ni ya wasichana, wavulana watagoma. Waligoma siku mbili. Ya tatu wakawa wanagombania chupa.

Kinachonishinda ni masika. Uwanja ukishakuwa tope hakuna rede, na safu inabaki tupu. Zamani ningeijaza ofisini kwa dakika kumi. Siku hizi naiacha hivyo hivyo, mwalimu wa taaluma ananung'unika, nami namwambia asubiri jua.