Plasta inabanduka, na ndani mna watoto

Dada, umeuliza kwa nini plasta ya saruji waliyoipiga wajomba inabanduka, na mtaishije humo na watoto mkiirudia. Nyumba kongwe ya mawe ya matumbawe kama hiyo yako ya Bagamoyo inahitaji ukuta upumue. Saruji huziba, unyevu na chumvi hukwama nyuma yake mpaka inaachia. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe tupu, bandua pote hadi jiwe.

Rudishia kwa chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji: ndoo 1 ya chokaa, ndoo 3 za mchanga wa mtoni uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni msiuguse kabisa. Lowesha ukuta, piga tabaka la milimita 10 hivi, kisha tundika magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Upepo ukiikausha haraka, itajaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui.

Apime mtu mmoja, kwa ndoo ileile. Kila mjomba akikadiria kwa koleo lake, mchanganyiko hautalingana. Chokaa huunguza macho, watoto wakae mbali tafadhali. Malizeni chumba kimoja kimoja, mlangoni mkining'iniza shuka lililoloweshwa linase vumbi. Jikoni pawe mwisho.