Simu zimepungua tangu Machi: ni algorithimu ya Google au ni msimu?

Swali: Nasimamia tovuti ya kitalu chetu cha miche ya parachichi na paina hapa Mafinga. Hadi Februari, ukiandika "miche ya parachichi Iringa" Google ilitutoa wa kwanza au wa pili. Tangu katikati ya Machi simu za wateja zimepungua sana, na nikitafuta kwenye simu yangu naona tumeshuka. Kijana aliyetutengenezea tovuti anasema Google wamebadilisha algorithimu (kanuni za kupanga nani atokee juu), tumpe shilingi laki nne aweke linki 200 kutoka tovuti nyingine. Je, tumlipe?

Jibu: Ndugu yangu, msimlipe. Kushushwa na mabadiliko ya algorithimu ni jambo la kweli, lakini dawa mnayouziwa haitibu ugonjwa huo. Google iliziandama linki za kununuliwa kwa nguvu Aprili 2012, kwa badiliko lililoitwa Penguin. Tangu Desemba 2022 hutumia pia mfumo wake wa SpamBrain kuzitambua na kuziondolea uzito. Hapo hela inakuwa imekwenda na nafasi haijasogea. Mkaguzi wa Google akiziona, mnaweza kupewa adhabu rasmi juu yake.

Kabla ya kuilaumu Google, kumbukeni Machi ni mwezi gani huku kwetu. Mvua huanza Novemba, na watu hununua miche kuanzia hapo. Ikifika Machi wengi wameshapanda. Kwa hiyo simu zinaweza kupungua hata kama tovuti haijasogea hatua moja. Wala msipime nafasi kwa kutafuta kwenye simu yenu, maana majibu hubadilika kulingana na mahali ulipo.

Fungueni Google Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi anavyoonekana kwenye utafutaji, kisha ripoti ya utendaji. Ni bure, na hutunza takwimu za miezi 16, hivyo mnaweza kulinganisha siku 28 zilizopita na siku kama hizo mwaka jana. Chujeni nchi ibaki Tanzania, kisha chagueni neno moja tu, mfano "miche ya parachichi". Msiangalie wastani wa tovuti nzima, kwa sababu ukurasa mpya ulioanza kuonekana nafasi ya 60 huuvuta wastani chini ilhali kurasa nyingine ziko palepale.

Sasa someni namba kwa pamoja. Nafasi imebaki ileile lakini idadi ya mara mlizoonekana imeshuka: watu hawatafuti, huo ni msimu. Nafasi iko palepale na mnaonekana kama kawaida, ila wanaobonyeza wamepungua: kuna kitu kimekaa juu yenu, kama ramani, matangazo au jibu la akili bandia. Nafasi yenyewe ikiwa imeporomoka, tuseme kutoka 2 hadi 25, hapo ndipo tunaanza kuzungumzia algorithimu. Kutoka 2 hadi 4 msiguse kitu; ukurasa mzuri unaweza kuharibiwa kwa haraka ya kuurekebisha.

Hata nafasi ikiporomoka, ondoeni kwanza makosa ya kiufundi. Je, tovuti ilifanyiwa matengenezo wiki hizo? Mara nyingi fundi husahau alama ya noindex (inayoiambia Google isiuonyeshe ukurasa) aliyoiweka wakati wa kazi, au hubadilisha anwani za kurasa bila kuzielekeza za zamani kwenye mpya kwa msimbo 301, yaani "ukurasa umehamia huku moja kwa moja". Ripoti ya Search Console ya kurasa zilizoingizwa kwenye faharasa (orodha ya kurasa ambazo Google imezihifadhi) itawaonyesha. Angalieni na ripoti ya Manual actions, panapoandikwa adhabu rasmi. Ikiwa tupu, hamna adhabu.

Baada ya hapo linganisheni tarehe. Google huorodhesha mabadiliko yake makubwa kwenye ukurasa wake wa wazi uitwao Search Status Dashboard, siku ya kuanza na ya kumalizika. Hayaingii kwa siku moja: lile la Machi 2024 lilichukua siku 45. Subirini wiki nzima baada ya kumalizika, kisha linganisheni wiki hiyo na wiki iliyotangulia kuanza kwake.

Mabadiliko hayo makubwa si adhabu. Google inapima upya kurasa zote, na waliokuwa chini yenu wanaweza kuonekana wanamjibu mtafutaji vizuri zaidi. Mimi ningeanza kukagua hapa: je, mna ukurasa wa "miche ya parachichi Iringa", mwingine wa Mbeya, wa Njombe, wa Makambako, maneno yaleyale na jina la mji tu limebadilishwa? Kosa hili nimelitaja kwa sababu linawavuta sana wauzaji wa mikoani, na sera za Google zinalikataza waziwazi. Unganisheni kurasa hizo ziwe moja, anwani za zamani zielekezwe huko kwa 301.

Ukurasa huo uliobaki ujazeni mambo ambayo mteja huwauliza kwenye simu: mche umebebeshwa (umeunganishwa na kikonyo cha mti mwingine) au la, una miezi mingapi tangu ubebeshwe, bei ya mmoja na bei kuanzia miche 100, unafungwaje ukisafirishwa hadi Songea, ukinyauka njiani nani anabeba hasara. Picha ziwe za kitalu chenu. Hayo hayapo kwenye tovuti nyingine yoyote, na ndiyo yatakayowatofautisha.

Kasi ya tovuti kufunguka nayo ina uzito, ingawa mdogo kuliko maudhui. Picha kubwa zaidi inayoonekana ukurasa ukifunguka itokee ndani ya sekunde 2.5. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huwa na megabaiti 3 au 4. Ipunguzeni iwe na upana wa pikseli 1,200, muihifadhi kama WebP (aina ya faili la picha lisilo zito), itashuka chini ya kilobaiti 200 kwa kawaida. Mteja wa kijijini mwenye bando dogo atafaidika kabla hata ya Google.

Andikeni daftarini tarehe ya kila badiliko. Mengine huonekana baada ya siku chache, mengine baada ya miezi, na kupanda kwenyewe wakati mwingine husubiri badiliko kubwa linalofuata. Kazi ikikamilika kabla ya Agosti, Google itakuwa na muda wa kuusoma ukurasa mpya kabla wanunuzi hawajarudi Novemba.