Jibu: Kapasita inashika upande mmoja tu

Habari za kazi mkuu. Nimekuelewa hivi: kapasita ya 0805 (ile ndogo ya milimita 2 hivi, inayolehemiwa juu ya bodi bila miguu) inashika vizuri upande mmoja, ila upande wa pili lehemu inakaa donge kama maji juu ya jani la gimbi, na ukigusa kwa kibano inang'oka.

Kabla hujapandisha moto wa chuma cha kulehemu, angalia upande unaogoma umeungana na nini. Mimi karibu kila mara nimekuta ni negativu. Pale shaba imetanda bodi nzima na inafyonza joto lote. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia digrii 450, nikaishia kubandua shaba yenyewe. Bodi ya mteja, tena!

Sasa hivi moto nauweka kwenye digrii 350, nabadilisha ncha. Hiyo iliyochongoka kama sindano itupe kando, tumia bapa ya kama milimita 2. Paka flaksi (dawa ya kusafisha shaba ili lehemu ishike) ya kutosha, usiione huruma. Weka lehemu kidogo upande mmoja tu, ingiza kapasita kwa kibano huku umeyeyusha lehemu hiyo, acha ipoe, ndipo uende upande wa negativu. Ncha iguse shaba na kapasita kwa pamoja, hesabu mbili tatu, kisha lisha waya wa lehemu. Lehemu ikitambaa na kupanda ukingoni, imeshika.

Kama bodi ni ya kiwandani, huenda lehemu yake haina risasi, nayo huyeyuka kwenye digrii 217 hivi badala ya 183 za ile yenye risasi. Ifyonze kwanza.

Chipu zenye miguu iliyojificha tumboni usiniulize, chuma kimenishinda.