Mumeo au mwanao anacheza hoki ligi za chini? Soma hii kabla hajasaini

Hii nawaandikia dada zangu walioolewa na wachezaji wa hoki ya barafuni, pamoja na wazazi wetu wa Kiswahili huku Kanada na Marekani ambao vijana wao wameanza kupanda ngazi. Mume wangu ni Mkanada, beki, mi ni mtu wa Tanga, na ndoa yetu karibu yote tumeishi na mabegi, timu hii msimu huu, timu ile msimu ujao, saa nyingine timu mbili msimu huohuo. Ninachotaka mkielewe ni kimoja: hii ni kazi nzuri na ya heshima ila ni kibarua cha muda mfupi mfupi, familia ikiipanga kama ajira ya kudumu itaumia.

Kwanza ngazi zenyewe. Juu kabisa ligi ya NHL, timu 32, chini yake ligi ya AHL, chini ya hapo ECHL. Karibu kila timu ya juu ina ya chini yake, mfano Toledo (ECHL) wanapeleka wachezaji Grand Rapids (AHL) na Grand Rapids wanapeleka Detroit (NHL). Ndugu zetu nyumbani wakisikia "mchezaji wa kulipwa Marekani" wanapiga hesabu za NHL, ambako msimu wa 2025/26 kima cha chini kabisa kilikuwa dola 775,000. ECHL mshahara unahesabiwa kwa wiki, tena dola mia kadhaa tu, na msimu ukiisha mwezi wa nne nao unaisha. Ambieni ndugu ukweli huu mapema jamani, msiache watu wajenge matumaini ya nyumba na ada za shule juu ya hela ambayo haipo, mi mama yangu nilimkalisha nikamweleza na toka siku hiyo amekuwa mtetezi wangu mkubwa kwa mashangazi wote.

Sasa kuna kanuni ambayo wachezaji wanaijua lakini wake na wazazi wengi hawaijui, na ndiyo inayoamua maisha yenu. ECHL mchezaji akishavuka mechi 260 za kulipwa anahesabiwa mkongwe, na timu inaruhusiwa kuchezesha wakongwe wanne tu kwenye mechi moja, makipa hawamo kwenye hesabu hiyo. AHL nako kati ya wachezaji 18 wanaopangwa kwenye mechi, ukiacha makipa, angalau 13 lazima wawe wale wa kukuzwa, 12 kati yao wawe na mechi zisizozidi 260 na mmoja asizidi 320. Msimu mzima una mechi 72. Haya piga hesabu mwenyewe, akicheza mechi zote, msimu wa nne haujaisha kijana kashavuka 260, ana miaka 26 au 27, mwili bado una nguvu, anacheza vizuri kuliko alivyokuwa, lakini sasa anagombea nafasi chache sana na wenzake waliokomaa kama yeye. Kwa hiyo usisubiri mechi ya 260 ndo muanze kukaa kuongea. Msimu wa pili ukiisha kaeni mezani mseme, akishakuwa mkongwe tunaenda wapi, anataka kuwa mkongwe wa timu gani, kocha gani anamthamini kiasi cha kumpa moja ya zile nafasi nne. Hayo maongezi ni magumu maana mchezaji kichwani bado anaiona NHL, usimvunje moyo, ila mezani mkae.

Halafu simu. Simu huwa inapigwa usiku au alfajiri, timu ya juu beki wao kaumia wanamtaka kesho asubuhi, basi unamuona mtu anatoa glavu zilizokuwa zinakauka juu ya hita, bado zina unyevu na ile harufu yao, anazisukumia kwenye begi, anafunga fimbo tatu pamoja kwa ule utepe wa kitambaa, viatu vya barafu anabeba mkononi kwa sababu havimtoki machoni, nusu saa yuko barabarani. Mara nyingi anaitwa kwa mkataba wa majaribio, ule wa AHL mwisho wake mechi 25 na wanaweza kumrudisha siku yoyote. Ushauri wangu, simu hiyo ikija aende yeye peke yake. Usivunje kodi, usihamishe mtoto shule, usinunue kitanda mji mpya. Kaa palepale mpaka kuwe na karatasi yenye tarehe ya mwisho wa msimu, nimeona wenzangu wamefunga nyumba nzima kumfuata mume na kabla hawajafika keshapigiwa simu arudi.

Na fleti ya ECHL ni ya timu. Wanakupa bure msimu mzima, ina kochi na sahani, ni msaada mkubwa sana, lakini akiuzwa au akiachwa inabidi mtoke haraka. Ndiyo maana sisi tulichagua mji mmoja, kwao mume wangu, tukaufanya ndo kwetu: vitu vyetu viko kwa mama mkwe, daktari wa watoto yuko pale, barua za benki zinakwenda pale. Timu zinabadilika, anwani haibadiliki. Hili ndo lililotuokoa kuliko kitu kingine chochote na ningekuwa na uwezo ningemwambia kila bibi harusi wa mchezaji siku ileile ya harusi.

Dada zangu tusio raia wa Marekani, viza jamani. Mchezaji wa nje anaingia kwa P-1, mke na watoto mnapewa P-4, na P-4 haikuruhusu kufanya kazi, kusoma unaruhusiwa. Kwa hiyo soma. Mi nilisoma uhasibu kwa intaneti kwenye zile fleti, mtoto amelala, mume yuko kwenye basi, na leo ndo kazi inayotulisha miezi ambayo hoki hailipi. Na kodi ya mapato msiifanye wenyewe kienyeji, amecheza majimbo mengi na kila jimbo lina sheria zake, tafuteni mtu aliyezoea wanamichezo.

Majeraha: mwisho wa msimu timu inampima mchezaji na kumpa fomu asaini. Kila kinachouma kiandikwe siku hiyo, bega, kidole, kizunguzungu baada ya kugongwa kichwa, vyote. Wachezaji wanapenda kusema niko fiti ili wasionekane dhaifu, na ikifika mwezi wa saba maumivu yakizidi hakuna karatasi inayoonyesha yalianzia kazini. Wachezaji wa AHL na ECHL wana chama chao, PHPA, wapigieni simu mkiwa na wasiwasi, ndo kazi yao.

Mama yangu zamani kila tukihama alikuwa anauliza, "Mkwe wangu amefukuzwa tena?" Hapana mama, kuuzwa kwenda timu nyingine maana yake kuna mtu kamtaka. Mike Sillinger alicheza timu 12 tofauti za NHL, hakuna aliyecheza nyingi kumzidi, na mechi zake zinapita 1,000. Mtu hahitajiki na timu 12 kama hajui kazi.

Akishakuwa mkongwe, angalieni Ulaya. Ujerumani kuna kikomo cha wageni kwa hiyo mwenye babu wa kule atafute pasi mapema, inachukua muda. Ligi ya Uingereza, ile yenye Belfast Giants na Cardiff Devils, inachukua Wakanada wengi, na kuna timu zinaweka masomo ya shahada ya uzamili ndani ya mkataba. Hela siyo kubwa lakini mtu anatoka na cheti. Mume wangu alipopata dili la namna hiyo kulikuwa na timu nyingine inatoa mshahara mkubwa kidogo bila shule, tukachukua shule. Kama wakala hajaitaja, mwambieni aiulize kwa maandishi kabla ya kusaini, pamoja na tiketi za ndege za familia na nani analipia nyumba mwezi wa mwisho.