Nani Ataumia Mkifanikiwa? Maswali Yenu Kuhusu Kutunga Visa vya Mezani

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasimulizi wa michezo ya kuigiza mezani: yule mmoja anayeshika kisa, wenzake wakiamua wahusika wao wafanye nini, na dadu ikisema kama wamefaulu. Wengine wanasimulia tu nyumbani, bila dadu, na majibu yanawafaa nao.

Kila ninachotunga kinaishia kuwa: nendeni pangoni, ueni joka, rudini na hazina. Wachezaji wangu wameanza kusinzia. (Msomaji, Tanga)

Pango na joka havina kosa. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson ilitoka Marekani mwaka 1974 ikiwa na mashimo na majitu tele, na mpaka leo watu wanaicheza. Kinachosinzisha ni kwamba joka lako likifa hakuna anayelia. Kabla hujachora ramani, jibu swali moja: wakifanikiwa, nani atapata hasara?

Tuseme siwa ya mji imeibwa. Siwa ni lile baragumu kubwa la pembe au shaba, kama zile za Pate na Lamu, lililopigwa mtawala anapotawazwa na kwenye harusi za wakubwa. Waziri anawaita wachezaji, anawaahidi mfuko wa fedha wakiirudisha kabla ya Ijumaa, siku ya harusi ya binti yake. Ukimweka mwizi asiye na jina ndani ya pango, umerudi kulekule. Sasa uliza: siwa ikipatikana, nani ataumia? Bibi harusi. Bila siwa hakuna harusi, naye huyo mume hamtaki, kwa hiyo ameizika mwenyewe jikoni, chini ya mtungi wa maji. Wachezaji watauzunguka mji mzima, watakwaruzana na wauza magendo bandarini, kisha mmoja wao atagundua kwamba mtungi umekaa upande na udongo pembeni yake ni mbichi. Hapo hakuna dadu ya kuwaamulia. Wakiirudisha wanalipwa na msichana anaozwa. Wakimfichia siri, waziri atawasaka. Wakianza kubishana wao kwa wao, nyamaza uwasikilize, usiwakatize hata kama saa zimekwenda.

Naweza kumtumia Fumo Liyongo? Naogopa kila mtu anaujua mwisho wake. (Msomaji, Malindi)

Mtumie, ila asiwe mchezaji. Mtu asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni anapendeza kumsikiliza, lakini kumwigiza kunachosha, maana hashindwi mpaka siku yake ifike. Wape wachezaji nafasi za watu walio pembeni.

Masimulizi yanasema mfalme wa Pate alimrubuni mwana wa Liyongo kwa ahadi ya kumwoza binti yake, na kijana akamchoma baba yake usingizini. Liyongo akaamka, akashika upinde, akapiga goti kisimani na kufa vilevile, mshale ukiwa tayari. Watu hawakuthubutu kusogea kuteka maji, wakidhani yu hai, hadi mama yake akaombwa aende kumsihi. Anzia hapo. Mji una kiu, mitungi mitupu imepangwa barazani, na kule kisimani kuna mtu aliyepiga goti asiyepepesa macho. Mchezaji mmoja awe mlinzi wa gereza aliyekula mikate mizuri iliyotumwa na mama yake Liyongo, akamwachia mfungwa ule wa wishwa, ambao ndani ulifichwa tupa. Mwingine ana mtoto mgonjwa anayehitaji maji leo. Mwingine ni rafiki wa yule kijana aliyechoma, na anajua alichoahidiwa. Mwisho wa Liyongo unajulikana, sawa, lakini hakuna anayejua nani kati ya hawa watatu atatangulia kwenda kisimani, na kwa nini.

Huku nilipo sipati dadu ya pande 20. (Msomaji, Kigoma)

Chukua karata za kawaida, ondoa zote zenye picha, utabaki na 40. Yenye A ni 1. Nyekundu zisome kama zilivyo, 1 hadi 10. Nyeusi ziongeze 10, zitakuwa 11 hadi 20. Irudishe kila karata na uchanganye upya kabla ya kuchomoa nyingine.

Naiomba programu ya akili unde inipe visa, lakini vyote vinafanana. (Msomaji, Nairobi)

Programu ikiombwa kwa jumla hutoa yaliyozoeleka. Tengeneza jedwali lako la safu tatu, mistari sita kila safu: nani anaomba, anataka nini, kipi kinazuia. Kwa dadu ya ludo utapata michanganyiko 216. Sharti ni moja: kila mstari uandike kitu ulichowahi kukiona au kusimuliwa na mtu unayemfahamu. Kwenye jedwali langu dadu iliniangukia "mjane wa nahodha", "jina lifutwe kwenye daftari la deni", "kusi imeanza kuvuma". Sikuhitaji kubuni zaidi. Mwenye daftari yuko ng'ambo, na chombo kinachotegemea kaskazi kuelekea kule hakiwezi kuondoka mpaka msimu ugeuke. Wachezaji wamekwama naye mjini, na wadai wanajua anapolala. Pepo hizo mbili zimepanga safari za pwani yetu kwa karne nyingi. Zinakupa muda wa mwisho bila wewe kumtishia mtu yeyote.

Mama hataki mchezo wenye majini nyumbani kwake. (Msomaji, Zanzibar)

Mheshimu, yatoe. Visa vyote vya juu havina jini hata mmoja. Na hata pasipo na mzazi, waulize wachezaji kabla ya kuanza ni jambo gani wasingependa liingie mezani.

Nikiwapeleka kaskazini wanakwenda kusini. (Msomaji, Arusha)

Waache waende, ila yule aliyeomba msaada asisimame kuwangoja. Wakirudi wakute ameshamwomba mtu mwingine, tena mtu mbaya.

Nina watoto wa miaka 7 na 9. Nataka kisa kisicho na mapigano. (Msomaji, Muscat)

Tumia vitendawili, tena kwa utaratibu wake wote. Mnakumbuka: "Kitendawili!" "Tega!" Wakishindwa, mtegaji anasema "Nipe mji", nao wanampa Tabora au Mombasa ndipo afichue jibu. Mji huo ufanye wa kweli kwenye mchezo. Chora ramani, wape watoto miji kumi, kisha weka zimwi mlangoni mwa kila njia wanayotaka kupita. Zimwi halili mtu, linatega tu. "Nyumba yangu haina mlango." Wakisema yai, wanapita. Wakishindwa, wachague wenyewe mji wa kutoa, na zimwi liuzungushie duara kwa penseli nyekundu: tangu sasa pale ni kwake, soko lake, bandari yake, na bibi yao wa kwenye hadithi anayeishi mtaa wa nyuma. Aliyeitoa Bagamoyo kwa sababu ya yai atakusumbua wiki nzima akitaka kujua inakombolewaje, na hicho ndicho kisa chenu cha Ijumaa ijayo.