Bastola gani? Swali hilo liwe la mwisho

Tangu niweke ile picha ya Februari, simu haitulii. Mdogo wangu mmoja wa Phoenix kaniandikia usiku wa manane: "Shikamoo kaka, hongera sana kwa mnyama. Ni bastola gani hiyo? Nataka nikachukue kama hiyo hiyo Jumamosi." Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele ya watu kwa sababu wenzako wameuliza hilo hilo, tena wengine bila hata salamu.

Kwa ambaye hakuiona: naishi Tucson, Arizona, naendesha lori, na kwetu ni Sikonge, Tabora. Mwaka huu nimempata havelina, mnyama wa jangwani anayefanana na nguruwe mdogo, kwa rivolva, yaani bastola ya silinda, jangwani kusini mwa Tucson, upande wa Arivaca, ambako mpaka wa Meksiko hauko mbali. Sikuwa na rifle wala mwongozaji. Nimejisikia mwanaume kwelikweli, na sitajifanya mnyenyekevu hapa.

Najua kuna waliocheka, maana kwenye picha nilimwita mnyama mkubwa. Kwenye grupu letu la WhatsApp mtu aliandika, "Mnyama mkubwa ndio haka kanguruwe?" Basi tuanzie hapo. Havelina mzima ana kilo 16 hadi 27 hivi, hilo nakubali. Lakini kanuni za Arizona zina orodha ya wanyama kumi wanaohesabiwa kuwa wakubwa, na havelina yumo, sahani moja na elki, dubu mweusi, puma, kondoo wa milimani na baisani. Hata bata mzinga yumo! Kibali chake unakiomba kwa bahati nasibu, na ukivunja masharti kesi yake si ya kuku. Tena si nguruwe. Anafanana naye, na kwa kunuka anamshinda, ila ni wa ukoo mwingine, wa huku huku Amerika. Miguu yake ya nyuma ina vidole vitatu, wakati nguruwe ana vinne, na mgongoni karibu na mkia ana tezi ya harufu ambayo nitairudia tukifika kwenye nyama.

Kila Februari kuna msimu wanaouita HAM, herufi za kwanza za majina ya Kiingereza ya silaha tatu: bastola, upinde na gobole. Ndiyo, gobole. Niliposoma kanuni zile mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye kabini ya lori. Kitu ambacho kwetu mtu akikutwa nacho bila kibali anaishia mahabusu, huku wazee wastaafu wanakinunua kipya dukani kwa raha zao.

Mjomba wangu Sikonge alikuwa na gobole, na alichonifundisha yeye ndicho kilichonipa mnyama huyu. Ukishafyatua gobole umemaliza, maana mpaka ushindilie baruti upya mnyama kashafika wilaya nyingine. Kwa hiyo mjomba hakufyatua mpaka awe karibu kiasi cha kuona mnyama akipepesa macho. Alikuwa akisema, "Gobole halina miguu, miguu ni ya kwako." Bastola nayo ni hivyo hivyo. Mtutu wake mfupi, na ulengeo wa mbele na wa nyuma umekaribiana, kwa hiyo mkono ukitikisika kidogo tu, risasi huko mbele inakwenda pengine kabisa. Kitako cha kuegemeza begani hakuna. Wapo mabingwa wenye Contender, ile bastola ya risasi moja moja iliyotoka mwaka 1967, wameifunga darubini na wanapiga mbali sana. Wewe na mimi si hao.

Dawa yake ni sahani ya karatasi. Chukua sahani ya upana wa sentimita 15, itundike, kisha panda na kushuka kilima kidogo mpaka moyo uende mbio, ukae chini kama utakavyokaa porini, halafu upige. Umbali ambao risasi zote zinaingia ndani ya sahani ndio umbali wako. Wangu ni mita 40. Mnyama akiwa mita 60 kwangu mimi ni mandhari tu, nampiga picha. Na usiniambie kwamba siku moja uliwahi kupiga mita 90 ikaingia. Nasema zote.

Hili limenigharimu. Msimu uliotangulia nilimlipa mwongozaji, jina silitaji. Asubuhi tukaliona kundi kwenye mteremko, kama mita 120. Akanitegea fimbo za kuegemeza, akaninong'oneza, "Piga." Nikamwambia ni mbali, tusogee. Akasema hakuna kusogea, watakimbia, piga, wateja wangu wote wanapiga. Nikakataa. Kundi likaondoka zake. Jioni kambini, mbele ya wateja wenzangu, akasema kwamba bwana huyu anaogopa mlio wa silaha yake mwenyewe. Wakacheka wote. Pesa haikurudi, na mimi nikaendesha kurudi Tucson nimekaza taya. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko damu inanichemka. Mtu ambaye amezaliwa kwa wawindaji, unamwambia anaogopa mlio?

Basi mwaka huu nikaenda peke yangu. Siku za kuzunguka na kurudi na mikono mitupu naziruka, hazina utamu. Nawapeleka moja kwa moja kwenye ile asubuhi.

Jangwa la Sonora si mchanga mtupu kama la kwenye picha za ngamia. Lina saguaro, dungusi warefu kuliko nyumba, lina madungusi mengine, na korongo zake kavu zimejaa meskiti, mti ambao ndugu zangu Wakenya wa Baringo na Garissa wangeutambua mara moja, kwa sababu mathenge yao ni ndugu yake wa damu. Februari alfajiri baridi inakaribia sifuri, na havelina hana manyoya ya maana ya kumsitiri. Kwa hiyo jua likitoka, anatoka naye kuota. Unakaa juu ya kilima kabla ya mapambazuko, darubini juu ya miguu mitatu, unachungulia miteremko inayopigwa na jua la kwanza. Nilikaa mpaka vidole vya miguu nikawa sivisikii. Halafu jiwe moja la kijivu likatembea. Kisha na la pili. Nilipotulia nikaona ni kundi zima, wanakula madungusi ng'ambo ya korongo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, wanakwenda mbio. Havelina macho yake mabovu na masikio yake ni ya kawaida, lakini pua! Na hewa ya jangwani ina ratiba yake: asubuhi ikiwa baridi inateremka na korongo, jua likishapasha miamba inageuka kupanda juu. Wao walikuwa chini yangu. Ningeshuka wakati ule ule, jasho langu lingewafikia kabla yangu. Nikasubiri. Mfukoni nina kichupa cha poda ya watoto. Nakiminya, natazama vumbi linakoelekea. Lilipoanza kunirudia usoni ndipo nikaanza kushuka.

Kushuka kwenyewe ni kazi ya matako na magoti. Kuna dungusi mmoja anaitwa choya, ukimgusa tu kipande kizima kinakatika na kukung'ang'ania. Kilinishika kigimbi cha mguu. Usikitoe kwa mkono, kitahamia mkononi. Chukua kitana cha nywele, kiingize kati ya choya na mguu, ukirushe mbali. Kitana cha shilingi mia tano za kwetu kina maana kuliko visu vyote mnavyoagiza mtandaoni.

Nikavuka korongo nikitambaa. Mita 60 hivi. Nikasikia wanavyotafuna, kwachu, kwachu, kama watu wanakula matango. Harufu yao nayo ikanifikia, kali, ya kikwapa. Nikasogea tena mpaka nyuma ya meskiti mmoja. Sasa nilikuwa kwenye umbali wangu, lakini aliyekuwa wazi kabisa alikuwa na kitoto chekundu kinamzungukia miguuni. Dume na jike wa havelina huwezi kuwatofautisha kwa urahisi, ila mwenye kitoto anajitambulisha mwenyewe. Huyo anaachwa. Nikangoja. Goti langu la kushoto, ambalo madereva wenzangu wa lori za klachi wanalijua, likaanza kulalamika. Mmoja akainua kichwa akanitazama usoni kabisa, hatua kama ishirini na tano, jani la dungusi linaning'inia mdomoni. Hakuona kitu. Akaendelea kutafuna.

Nikavuta nyundo ya rivolva taratibu. Hata hivyo ikalia, klik. Vichwa vyote juu. Mmoja mkubwa, peke yake, kakaa ubavu. Nyuma ya bega, theluthi ya chini. Nikafyatua.

Kilichofuata kiliniwia kigumu kufuatilia. Kundi lililipuka kila upande, meno yanagongana tatata, na mmoja akaja moja kwa moja kwangu akapita karibu na buti. Watu wanasimulia kwamba havelina anashambulia; mara nyingi ni kipofu tu anayekimbia hajui anakokwenda. Wangu alikwenda hatua chache akalala. Nilikaa chini nikavua vifunika masikio. Vifunika masikio, tafadhali. Risasi kali za Magnum bila kinga zinaweza kukuachia mlio kichwani maisha yako yote, na hakuna daktari wa kuuondoa.

Sasa mnaotaka bastola. Yangu ni .357 Magnum, risasi iliyoanza mwaka 1935, na kwa havelina inatosha na kubaki. Mnaolilia .44 Magnum ya mwaka 1955, mnaililia kwa sababu ya sinema. Kwa kulungu sawa. Lakini inarusha mkono, mkono ukizoea kurushwa unaanza kuogopa kabla ya kufyatua, na ile sahani ya karatasi hutaipata hata mita 20. Pesa ya tofauti nunulia risasi za mazoezi. Fanya mazoezi. Ukichoka, fanya tena mazoezi.

Na kabla ya hata hayo, kijana, angalia makaratasi yako. Hapa nitasema kama mzazi. Mwenye green card anaweza kununua silaha kihalali. Aliyekuja kwa viza ya muda, ya masomo au matembezi, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki hata risasi moja, isipokuwa kwa masharti maalumu. Leseni halali ya uwindaji ni mojawapo, lakini muone mwanasheria kwanza, usinisikilize mimi dereva wa lori. Dukani bastola haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 21. Utajaza fomu 4473, ile ya serikali ya shirikisho kwa anayenunua silaha, na ndani yake kuna swali la kama unatumia bangi. Arizona imeihalalisha kwa watu wazima tangu 2020, serikali ya shirikisho haijali hilo, na kudanganya kwenye fomu ile ni jinai. Nimeona kijana mwenye kazi nzuri akitaka kuweka alama ya "hapana" huku nguo zinanukia. Kwa picha ya Instagram unataka kuharibu safari iliyowagharimu wazazi wako shamba? Upande wa Arivaca askari wa mpaka wanapita muda wote. Mimi walinisimamisha, nikaonyesha green card, leseni na kibali, tukaagana vizuri. Usitembee bila kadi yako, na kisheria huruhusiwi kuiacha nyumbani. Chukua maji galoni nzima kwa siku hata kama ni baridi. Na maombi ya Februari yanafanyika Oktoba ya kabla yake. Ukinitafuta Januari nitakusikitikia tu. Ukisoma kozi ya uwindaji ya idara ya wanyamapori ya Arizona unapewa pointi ya kudumu inayokuongezea nafasi kwenye bahati nasibu, nashangaa wengi mnaidharau.

Nyama. Ile tezi ya mgongoni inatoka na ngozi yenyewe, wewe usiiguse tu. Mkono ulioshika manyoya usishike nyama; mimi nina glovu za kuchunia na nyingine za kukatia. Ipoze haraka kwenye barafu. Wanaosema havelina hanuki vizuri mezani, walimchafua wenyewe. Mke wangu, Mama Neema, alikataa katakata kuipokea jikoni, akasema friji la nje lipo. Nikaikalisha na ndimu, vitunguu saumu na tangawizi usiku kucha, nikaipika polepole mpaka ikaachia mfupa, nikaikaanga na vitunguu. Watu wa Dodoma waliokuja wakaibatiza kitimoto cha jangwani. Wasabato waligoma, na nilipowaeleza habari za ukoo na vidole vya nyuma wakaniambia wao wanaangalia kama anacheua. Jirani yangu wa Mombasa alinipa hongera akiwa upande wake wa uzio.

Shemeji yangu, ambaye kwenye grupu ndiye aliyeandika habari za kanguruwe, alikula sahani mbili. Sasa anataka twende wote, ila kwenye msimu wa kawaida, yeye na rifle yake yenye darubini ndefu. Nimemwambia namba ya yule mwongozaji ninayo bado.